Nyayo za mbwa wa msako: jinsi ya kuzikomaza na kuzilinda porini

Mbwa anayefuata harufu ya jangili kwenye mbuga za Mara na Serengeti, au anayepanda mawe ya volkano kwenye vilima vya Chyulu nchini Kenya, hutegemea vitu viwili: pua na nyayo. Pua anazaliwa nayo. Nyayo lazima ziandaliwe, na maandalizi yake ni ya wiki nyingi. Kinachowaangusha wengi ni kumchukua mbwa mwenye afya tele, aliyezoea kulala kwenye saruji na kutembezwa kwenye nyasi zilizofyekwa, halafu kumpeleka kilomita 15 za changarawe siku ya kwanza ya kazi. Jioni anarudi amebebwa, na kikosi kinakaa bila mbwa kwa nusu mwezi.

Maelekezo haya yanawalenga waongozaji wa mbwa wa msako. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko kazi ya mbwa porini ni ya ulinzi. Lakini mbwa wa kuwinda ndege katika nchi zinazoruhusu, au mbwa wa mfugaji anayeshinda na ng'ombe malishoni, ana nyayo zile zile na huumia vile vile.

Wayo umejengwaje

Kila mguu una vinundu vinne vidogo chini ya vidole, na kimoja kikubwa nyuma yake. Miguu ya mbele ina kingine kidogo kilichokaa juu zaidi, nyuma ya kifundo. Hiki hugusa ardhi mbwa anapokuwa kasi au anaposhuka mteremko na kusimama ghafla. Ngozi ya vinundu hivi ni nene kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, na chini yake kuna mafuta yaliyoshikwa na nyuzi imara, ambayo hupokea mshindo wa kila hatua.

Ngozi hiyo hujengwa kuanzia ndani. Tabaka jipya huchukua takribani wiki 3 kufika juu, na ngozi haiongezi unene mpaka isuguliwe kidogo kidogo, kwa kurudiarudia. Ndiyo maana hakuna dawa ya kupaka itakayokomaza wayo kwa siku tatu, hata muuzaji aapeje.

Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mwili, na katika kila mguu vidole viwili vya kati ndivyo hulemewa zaidi. Ukitafuta dalili za kuchoka kwa wayo, anzia hapo. Na uzito wenyewe ni hoja: mbwa anayepaswa kuwa na kilo 30 lakini ana 36 husaga nyayo zake mapema kuliko mwenzake, hata mkimfanyisha mazoezi sawa.

Wayo uliokomaa ni mnene, juu una ukwaru mdogo kama msasa laini, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea na kurudi. Wayo mgumu usiobonyea haujakomaa, umekakamaa, na utapasuka. Unachotafuta ni unene pamoja na unyumbufu, na kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Wiki nane za kukomaza

Wiki ya kwanza na ya pili, mtembeze dakika 20 hadi 30, siku tano kwa wiki, kwenye njia ya udongo mkavu ulioshindiliwa. Kutembea tu, bila kukimbia. Wiki ya tatu na ya nne, hamia barabara ya moramu: dakika 40 hadi 45, na katikati weka mchakamchaka wa dakika tano mara mbili. Wiki ya tano na ya sita, fikisha saa moja hadi saa moja na nusu, na robo ya njia iwe ya mawe au changarawe kali. Hapa ndipo uanze kumgeuza kona na kumsimamisha ghafla, kwa sababu kinachochana wayo ni kujisokota juu ya jiwe. Kwenda moja kwa moja hakuna madhara makubwa. Wiki mbili za mwisho ziwe kwenye ardhi ile ile atakayofanyia kazi, akiwa na mkanda wa kifuani na kamba ndefu, kilomita 10 hadi 12. Mbwa anayevuta kamba husukuma ardhi kwa nguvu zaidi ya anayetembea huru, na nyayo za nyuma ndizo hulipa. Zoezi lisilo na kamba halimwandai kwa hilo.

Katika wiki moja ongeza umbali au ongeza ukali wa ardhi. Usiongeze vyote viwili. Mbwa ambaye bado anakua, chini ya miezi 12 hadi 18 kutegemea aina yake, asipewe mbio ndefu kwa kisingizio cha kukomaza nyayo. Viungo vyake bado ni vichanga.

Kila baada ya zoezi geuza wayo uutazame kwenye mwanga. Doa la waridi au jeupe linalong'aa, mahali ambapo ukwaru umetoweka, maana yake ngozi inaliwa haraka kuliko inavyoota. Nyuzi nyuzi kwenye ukingo wa kinundu ni onyo la mapema zaidi. Ukiona hayo, mpe siku tatu za nyasi tu, kisha rudi hatua moja nyuma katika ratiba. Ukisubiri mpaka achechemee, umechelewa: mbwa mwenye ari ya kazi hukimbia juu ya nyama mbichi mpaka harufu iishe, na maumivu huyaonyesha akishalala.

Akishakomaa, matembezi matatu kwa wiki kwenye ardhi ngumu yanatosha kumtunza. Akikaa mwezi mzima bila kazi, mwanzishe tena kuanzia wiki ya tatu.

Maji, sakafu na chakula

Wayo uliolowa ni wayo laini. Baada ya kuvuka mto, au asubuhi nzima kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ngozi huvimba maji na changarawe huikwangua kwa urahisi. Ikiwezekana, mpumzishe mahali pakavu nusu saa hadi saa moja kabla ya kumtia kwenye mawe. Udongo mweusi una ubaya mwingine: hujisokota kati ya vidole, hukauka na kuwa donge gumu, na kila hatua linasaga ngozi laini ya ndani. Litoe kwa maji. Ukilivuta likiwa kavu litaondoka na manyoya.

Banda lenye sakafu ya saruji inayolowa mkojo huharibu usiku kile ulichojenga mchana. Mtengenezee kitanda cha mbao kilichoinuka sentimita 15 hivi kutoka chini, na sakafu ikaushwe kila baada ya kuoshwa. Usafi huo pia humkinga na viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya kwenye ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi.

Chakula husahaulika sana. Mbwa anayekula ugali mtupu hupungukiwa madini ya zinki, kwa kuwa nafaka zina kemikali inayoyashika yasiingie mwilini, na mojawapo ya dalili zake ni magamba na nyufa kwenye vinundu. Mchanganyie dagaa, mayai, maini au nyama kila siku. Vidonge vya zinki mwachie daktari wa mifugo aamue, maana vikizidi ni sumu.

Na nyayo zikikakamaa ghafla bila mazoezi kuongezeka, hasa kama mbwa ana homa, tongotongo na makamasi, usifurahie kwamba zimekomaa. Ugonjwa wa distempa hufanya hivyo, na ni ule ule ulioua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994 baada ya kutoka kwa mbwa. Chanjo yake iwe imekamilika kabla mbwa hajakanyaga hifadhini, pamoja na ya kichaa cha mbwa.

Joto la ardhi

Weka nyuma ya kiganja chako juu ya ardhi, uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye haifai akanyage. Pima pale hasa atakapopita, kwa kuwa mwamba mweusi, lami na mchanga wa korongo hushika joto kuliko udongo wenye nyasi ulio hatua tano tu pembeni. Mazoezi yaanze saa 12 asubuhi na yaishe kabla ya saa 4. Jioni yasianze kabla ya saa 10. Msako wa dharura hauna saa, na hapo ndipo viatu huwa na maana.

Wayo ulioungua huwa mwekundu au mweusi kuliko kawaida, na malengelenge yanaweza kutokea kesho yake. Umwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 10 hadi 20. Barafu hapana, na dawa ya meno ambayo watu hupenda kupaka majeraha ya moto hapana pia.

Kucha na manyoya

Mbwa akisimama wima kwenye sakafu, kucha zisiisukume sakafu. Kucha ndefu hupanua vidole, hubadilisha mahali uzito unapoangukia, na hukatika kwenye nyufa za mawe zikiacha mzizi wazi. Kata milimita moja au mbili kila baada ya wiki mbili. Kwenye ukucha mweusi, kata vipande vyembamba mpaka uone kitovu cheusi chenye unyevu katikati ya sehemu uliyokata, halafu acha, kwa sababu mbele yake kuna mshipa. Ukiugusa, bana kwa unga wa mahindi au wa ngano dakika tano. Ukucha wa pembeni ulio juu ya wayo haugusi ardhi hivyo hauliki wenyewe. Usipoukata unajikunja na kuingia kwenye ngozi, au unanaswa na miiba ya mti wa kikwata na kuchanika wote.

Manyoya ya kati ya vinundu yapunguze yawe sawa na kinundu tu. Usiyanyoe yaishe, maana yanazuia kokoto kusugua ngozi laini.

Cha kupaka, na kisichopakwa kamwe

Mafuta ya nta yana kazi mbili: kuzuia nyufa wakati wa kiangazi, na kuweka utando mwembamba dhidi ya vumbi la magadi na matope. Yeyusha gramu 30 za nta ya nyuki ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, changanya na mililita 60 za mafuta ya nazi au ya alizeti, koroga, mimina kwenye kopo. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo sehemu za joto ukipunguza nta utabaki na uji unaoteleza. Paka usiku, baada ya kazi, kiasi cha punje ya harage kwa mguu mmoja, ukande mpaka uingie. Asubuhi ya kazi usipake kitu cha majimaji, maana hulainisha ngozi na kuokota mchanga. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa mbwa wengi vijijini, ni sumu. Mbwa atailamba yote. Mafuta ya taa na petroli vivyo hivyo. Fomalini na maji ya chumvi kali hukausha ngozi ikaonekana ngumu kwa wiki moja, kisha hupasuka kwa nyufa zinazofika kwenye damu. Malhamu za binadamu zenye zinki, kafuri au mentholi ziache kabisa.

Viatu vya tyubu

Viatu ni vya mawe makali, ardhi ya moto, uwanja wa mbigili, na wayo wenye jeraha dogo ambao lazima uvuke sehemu fulani. Havifai kwa kila siku, kwa sababu mbwa anayevivaa muda wote nyayo zake hazikomai, na jasho la nyayo hubaki ndani likazilainisha. Vya dukani ni vizuri ila hupotea porini, na saizi zake mara nyingi hazikai. Tyubu ya pikipiki iliyotupwa na fundi inatosha.

Simamisha mbwa juu ya karatasi, nyanyua mguu wa pili ili uzito wote uangukie ule unaoupima, chora pande mbili za wayo. Upana huo ongeza sentimita moja na nusu hadi mbili: ndio upana wa tyubu unayoitafuta ikiwa imelala bapa. Kata kipande cha sentimita 18 hadi 20. Mwisho mmoja kunja sentimita mbili kwenda juu, upande utakaokuwa mgongo wa wayo, paka gundi ya kuzibia pancha, acha ikauke kidogo, bana, kisha piga mshono wa uzi wa nailoni. Mkunjo ukiuweka chini utakwangua vidole na mbwa atagoma. Toboa matundu mawili madogo kwenye pembe za mbele ili maji yatoke. Ndani nyunyiza kidogo unga wa mahindi ili wayo uingie bila kuvuta ngozi.

Kabla ya kuvisha, zungusha bandeji laini mara moja kwenye sehemu nyembamba iliyo juu ya wayo, ukifunika ukucha wa pembeni. Visha kiatu, mwache akanyage mguu huo, ndipo ufunge kwa plasta ya kitambaa: nusu ya upana wake ishike tyubu, nusu ishike bandeji na manyoya. Ukifunga mguu ukiwa hewani, akishakanyaga wayo utatanuka na plasta itambana. Kidole chako cha mwisho kipite chini ya plasta. Mpira wa kufungia noti usitumike hata kwa dakika kumi; huzama ndani ya manyoya, unasahaulika, na mbwa anapoteza mguu.

Kila baada ya saa mbili vua, tazama, kausha, ondoa kokoto. Ukikuta wayo umevimba au umepoa kuliko mingine, kiatu kilikuwa kimebana. Mzoeze viatu nyumbani, dakika tano tano kwa wiki moja, akila au akicheza. Mbwa anayevishwa kwa mara ya kwanza siku ya msako atatumia akili yake yote kuving'oa.

Ukaguzi wa jioni

Fuata mpangilio ule ule siku zote, kwa mfano mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto, ili usiruke mguu. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha mpaka kati ya vidole. Bonyeza kila kinundu kwa kidole gumba ukimtazama mbwa usoni, kwa sababu macho na masikio husema kabla mguu haujavutwa. Tanua kila pengo la vidole, na nusa pia: harufu ya kuoza hujitokeza kabla ya usaha.

Mwiba wa mgunga hukatika ndani ukaacha nukta nyeusi. Loweka wayo kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita, dakika kumi. Kisha vuta kwa kibano kufuata njia uliyoingilia. Mbegu za nyasi zenye mishale ni hatari zaidi, maana vinyweleo vyake huziruhusu kwenda mbele tu. Ukiona uvimbe kati ya vidole wenye kitundu kinachotoa majimaji, na ukipasuka unajirudia baada ya siku chache, mbegu iko ndani na inasafiri. Hiyo ni kazi ya daktari.

Tekenya, yule funza anayeingia kwenye ngozi ya miguu, huonekana kama kijivimbe cheupe chenye nukta nyeusi katikati, kwenye ukingo wa vinundu au kando ya kucha. Usikikamue, mayai yatamwagika. Mmoja au wawili watolewe wazima kwa sindano iliyochemshwa, kidonda kisafishwe. Wakiwa wengi mpeleke mbwa atibiwe, na banda la udongo wenye vumbi lifanyiwe kazi siku hiyo hiyo, kwa maana watu wa hapo nao wataambukizwa. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kumsokota.

Jeraha likitokea

Mfunge mdomo kwanza kwa bandeji, hata kama ni mpole, isipokuwa kama anahema kwa joto au anapumua kwa shida. Suuza jeraha kwa bomba la sindano la mililita 20 au zaidi, ukijaza mara nyingi. Maji ya chumvi yaliyotajwa juu yanafaa. Au ayodini ya povidoni ya asilimia 10, mililita 10 ndani ya lita moja ya maji safi, mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua nyama inayotaka kupona.

Ngozi ya juu iliyobanduka na kuning'inia, ikiwa nyembamba na imekufa, ikate kwa mkasi uliochemshwa ili isiendelee kuchanika. Ikiwa nene na chini yake kuna damu, irudishe mahali pake, funga, nenda kwa daktari. Mkato uliopita unene wote wa kinundu hufunguka kila mbwa anapokanyaga, ndiyo maana hushonwa, na bora ushonwe ndani ya saa chache. Kama damu inaruka, gandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunuafunua.

Kufunga: pamba kidogo kati ya kila kidole, kitambaa kisichonata juu ya jeraha, pamba ya kuzungushia, bandeji, na mwisho bandeji inayojinata bila kuivuta sana. Acha ncha za kucha mbili za kati zionekane. Zitazame asubuhi na jioni. Zikianza kuachana au zikipoa, umebana sana, fungua. Badilisha kila siku, na papo hapo ikilowa. Mfuko wa plastiki ni wa kumtoa nje kujisaidia tu, dakika chache, kisha utolewe.

Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli za kwenye kabati la nyumbani usimpe. Tumbo na figo za mbwa haziko kama zako, na maini yake hayawezi parasetamoli kama yako. Dawa ya maumivu aitoe daktari.

Mkwaruzo wa juu juu hupona kwa siku tano hadi kumi. Mkato uliopita kinundu chote wiki mbili hadi tatu, mara nyingine zaidi. Kabla ya kumrudisha kazini, ngozi mpya iwe na ukwaru wake, isibaki waridi inayong'aa, na ubonyeze kwa nguvu bila mbwa kuuvuta mguu. Kisha mpe siku tatu za udongo laini, siku tatu za moramu akiwa na kiatu kwenye mguu huo, na siku tatu za moramu bila kiatu. Siku ya kumi, akirudi bila doa jipya, mvishe mkanda wa kifuani.